Uvimbe Shingoni mwa Refa

Watu wengi wa Songea, ukiwaambia wewe ni daktari wa patholojia, husogea nyuma kidogo. Wanajua kitu kimoja tu kuhusu sisi: mochwari. Mama yangu mzazi, niliporudi nyumbani Mjimwema baada ya masomo yangu Dar es Salaam, aliniuliza jikoni huku akichambua mchele, "Kwa hiyo mwanangu, wewe unatibu wagonjwa gani?"

Nikamwambia mimi sitibu, mimi natazama. Vinyama vinavyokatwa na madaktari wa upasuaji huletwa kwangu, navitazama kwenye hadubini, kisha nawaambia wenzangu huu ni ugonjwa gani.

Mama akafikiri. "Yaani wao wanakata, wewe unasema."

"Ndiyo, mama."

Akaridhika. Tangu siku hiyo jirani akimuuliza kazi yangu hospitali, hujibu kwamba mimi ndiye ninayesema.

Chumba changu cha kazi kiko upande wa nyuma, dirisha linatazama migomba na kamba za kuanikia mashuka. Miezi ya baridi navaa sweta chini ya koti jeupe, na asubuhi lazima nipashe vidole moto kwenye kikombe cha chai kabla ya kugusa kioo chochote. Vingi ninavyoviona ni magonjwa ninayoyafahamu kama njia ya kwenda sokoni: ya kizazi, ya matiti, ya matezi. Uvimbe wa tishu laini za kichwa na shingo ni habari nyingine. Tishu laini ni vile vyote vilivyo kati ya ngozi na mfupa: mafuta, misuli, mishipa ya damu, ala za neva, na nyuzinyuzi zinazovishikilia pamoja. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuota uvimbe, aina zake ni nyingi mno, na karibu kila aina ni adimu. Ubaya zaidi, zinafanana. Kuna uvimbe mpole wenye sura ya kutisha, na kuna muuaji anayeonekana mtulivu kabisa. Ukikosea shingoni, mtu anaweza kupoteza uso wake, au uhai wake.

Ndiyo maana nilishtuka siku ile daktari wetu bingwa wa masikio, pua na koo alipoingia chumbani kwangu mwenyewe, kichupa cha formalini, ile dawa ya kuhifadhia vinyama, mkononi. Ni mwanamume mkubwa wa mwili, anacheka kwa sauti ya kusikika wodi mbili mbele. Kwa kawaida vinyama vyake huletwa na wahudumu. Siku hiyo hakucheka.

"Dokta, hiki nimekileta mwenyewe."

"Kimetoka wapi, kaka?"

"Shingoni, chini tu ya taya, upande wa kushoto. Ni mwanamke, mwalimu wa pale Bombambili, bado kijana. Uvimbe umeota wiki chache zilizopita, sasa hivi ni sawa na limau. Mgumu. Sipendi kabisa unavyokimbia."

Nilielewa alichokuwa anakiogopa. Uvimbe mgumu wa shingo unaokua mbio namna hiyo, kitu cha kwanza kinachomjia daktari ni saratani ya tishu laini. Tiba yake ni kukata kwa upana, pamoja na msuli, na mara nyingine pamoja na neva nyembamba inayosogeza pembe ya mdomo.

"Ikiwa ndicho ninachokidhani," akasema, "nitampa rufaa akafanyiwe upasuaji mkubwa. Lakini kuna jambo moja. Huyu mwalimu ni refa. Anachezesha mpira. Wakigusa ile neva, mdomo utalegea upande mmoja. Hatapuliza filimbi tena."

Kinyama lazima kikaushwe, kimwagiwe nta, kikatwe vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, kipakwe rangi. Kwa hiyo nilikitazama siku iliyofuata. Niliweka kioo, nikasogeza lenzi. Seli ndefu, zenye ncha huku na huku, zimejaa kila mahali. Na zilikuwa zinagawanyika. Kila nilipohamisha kioo niliona nyingine inagawanyika, na nyingine tena. Kitu kinachogawanyika kwa kasi hiyo ndicho kile ambacho mwanafunzi wa patholojia hufundishwa kukiogopa.

Nilivuta kompyuta ili niandike majibu. Nikaandika jina la kiungo, nikaandika "seli ndefu," nikaacha. Kulikuwa na kitu kinanikera ambacho bado sikuwa nimekipatia jina. Nikarudi kwenye lenzi. Safari hii sikuhesabu migawanyiko, nilitazama seli yenyewe, moja moja. Viini vyake vilikuwa vikubwa, ndiyo, lakini vilikuwa laini na vya aina moja. Vyote vilikuwa na sura ya ukoo mmoja. Saratani haiwi hivyo: ndani yake utakuta kiini kimevimba, kingine kimepinda, kingine cheusi tii kama donge la mkaa. Hapa hata zile zilizokuwa zikigawanyika ziligawanyika vizuri, kwa utaratibu. Na hazikubanana. Zilielea katika uteute mwepesi, zimesambaa kama manyoya, na kati yake kulikuwa na chembe za damu zilizovuja.

Nilisimama, nikavaa viatu vyangu vya nje, nikafanya jambo ambalo madaktari wa fani yangu hatulifanyi mara nyingi. Nikaenda wodini kumwona mgonjwa.

Alikuwa ameketi juani kwenye benchi nje ya wodi, amejifunga mtandio mwekundu shingoni. Ni mrefu, miguu ya mkimbiaji. Kando yake alikuwa mama mmoja wa makamo, kanga mbili, tasbihi mkononi. Nikaanza na mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Mimi ni daktari wa patholojia. Ninapima kile kinyama walichomkata mwalimu jana."

Refa alinitazama juu mpaka chini. "Patholojia? Si ndiyo wale wa mochwari?"

"Tunafanya na huko pia."

"Basi daktari, mbona umenijia mapema hivi? Mpira bado haujaisha!"

Mama yake alishika kichwa. "Astaghfirullah! Wewe mtoto!" Lakini mama mwenyewe alishaanza kucheka kabla sijajua kama inaruhusiwa kucheka, na nikajikuta na mimi nacheka, na wagonjwa wa benchi jirani wanageuka kutuangalia. Nilijibana kwenye nafasi iliyobaki. Mama akaniambia ametoka Tunduru, kijiji cha jirani na Mbesa, na kwamba tangu apigiwe simu ameacha mikorosho yake bila palizi na hajui atarudi lini.

Nikamwomba refa afungue mtandio. Uvimbe ulikuwepo, umekaa chini ya taya kama mtu aliyeficha tunda. Nikaubonyeza taratibu. Uliuma, akakunja uso. Ngozi iliteleza juu yake bila kushikamana.

"Mwalimu, kabla haujaota, kuna chochote kiliwahi kukugonga hapo?"

"Hapana." Kisha akagusa taya. "Labda kiwiko."

"Kiwiko gani?"

"Kulikuwa na mechi ya shule za sekondari. Imepigwa kona, nami nikajisogeza karibu mno. Beki akaruka kuondoa mpira, kiwiko chake kikanipata hapa hapa. Niliona nyota mchana."

"Ulimpa kadi?"

"Ya njano tu. Hakukusudia."

"Mimi ningempa bakora," akasema mama yake, tasbihi ikiendelea kusogea kidoleni.

Kiwiko hakithibitishi kitu. Wagonjwa wengi wa ugonjwa niliokuwa nimeanza kuuwazia hawakumbuki kugongwa na chochote, na wengi wenye saratani wanakumbuka. Lakini nilirudi chumbani kwangu nikitembea haraka kuliko nilivyotoka. Kuna uvimbe mmoja ambao vitabu vinauita fasaitisi ya kinundu. Si saratani. Ni nyuzinyuzi za mwili zinazoamka ghafla, mara nyingine baada ya kuumia, zikaanza kujijenga kwa pupa kama mafundi waliosikia bosi anakuja. Unakua kwa wiki chache, unatisha kila mtu, halafu unachoka. Mara nyingi unasinyaa wenyewe bila kufanyiwa chochote. Nilikuwa nimeuona darasani, kwenye vioo vya mwalimu wangu wa Dar es Salaam, mama mmoja aliyekuwa akituambia kwamba ugonjwa huu umewahi kuwaponza madaktari wazuri, wakawakata watu mashavu na shingo bure.

Nikampigia huyo mama simu. Nikapiga picha kupitia jicho la hadubini, nikamtumia. Nilikaa nikitazama simu kama msichana anayesubiri mchumba. Ilipolia, hakunisalimia.

"Una nini hapo, mwanangu?"

"Nataka wewe uniambie, mwalimu."

"Thubutu! Wewe ndiye mwenye kioo. Sema."

"Nasema ni fasaitisi ya kinundu."

Nilisikia honi za magari ya Dar nyuma yake.

"Kwa nini si saratani?"

Nikamweleza viini, uteute, damu iliyovuja, wiki chache, ngozi inayoteleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nami naona hivyo," akasema. "Lakini macho yangu na yako hayatoshi kwa shingo ya mtu. Nitumie kinyama chenyewe, tukipake rangi maalumu ambazo huko hamna. Na asiguswe na kisu mpaka nikupigie."

Kipande kile cha nta chenye kinyama ndani kilisafiri kwa basi la asubuhi, kimefungwa pamba ndani ya kopo, nikamsihi kondakta akiweke mbele asije akakikalisha juu ya injini. Nta na joto havipatani.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kumwambia daktari mwenzangu asubiri. Alikuwa amekwisha kuongea na hospitali ya rufaa.

"Una uhakika?" aliniuliza, amesimama mlangoni.

"Nina uhakika wa kutosha kukuomba usikate."

"Na kama umekosea? Uvimbe unakimbia, dokta. Nikisubiri na kumbe ni saratani, nitamwambia nini yule mama?"

"Na ukikata na kumbe si saratani, utamwambia nini yule refa?"

Akavuta kiti, akaketi kwa uzito wake wote. Nikampisha kwenye hadubini, nikamwonyesha. Yeye ni mtu wa kisu, si wa kioo, lakini alitazama kwa muda mrefu na kuuliza maswali mazuri. Mwishowe tukakubaliana: tutasubiri majibu ya Dar, na wakati huo yeye atakuwa anaupima uvimbe mwenyewe. Ukiendelea kukua, tunarudi mezani.

Nakiri siku zile sikuwa na raha. Kanisani nilijikuta namwombea mtu ambaye nilikuwa nimekutana naye kwenye benchi tu. Nilipomweleza mama yangu, bila jina, alisema, "Umeshasema?" Nikamwambia nimesema. "Basi acha Mungu naye aseme," akaendelea kumenya viazi.

Majibu ya Dar yalikuja kwa simu asubuhi moja, kabla ya simu nyingine yoyote. Rangi zote zilikubaliana nasi. Mwalimu wangu, ambaye hajawahi kunisifia tangu nimjue, alisema, "Vizuri." Neno hilo moja tu, kisha akakata simu. Nilizunguka chumba kizima nikitafuta mtu wa kumwambia, nikampata mtaalamu wa maabara anakata vipande, nikamshika mabega mpaka akaniomba nimwache kwanza, ana wembe mkononi.

Tukaenda wodini wawili, mimi na yule daktari mkubwa wa mwili. Refa aliposikia neno "si saratani" hakucheka wala hakufanya mzaha wowote. Alilala kifudifudi kitandani akalia, mgongo mzima ukitikisika. Mama yake alisimama, akainua mikono, "Alhamdulillahi, alhamdulillahi," halafu akanikumbatia kwa nguvu mpaka kalamu ya mfukoni mwangu ikanichoma. Daktari bingwa alijifanya anachunguza dripu iliyokuwa haina kitu.

"Sasa mtautoa?" mama aliuliza alipotulia.

"Tutauangalia, mama," akajibu daktari. "Mara nyingi unaondoka wenyewe. Usipoondoka, nitautoa kwa kisu kidogo bila kugusa neva."

"Unaondoka wenyewe kwenda wapi?"

Refa alirudi Bombambili kufundisha. Kila alipokuja kliniki, daktari alinipigia simu kunipa habari. Kwanza uvimbe haukukua. Halafu ukalainika. Halafu siku moja, saa za chai, mlango wangu ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa yeye, ametoka kukimbia, amevaa suti ya michezo, jasho usoni. Akauvua mtandio akautupa kwenye kiti.

"Tafuta!" akaniamuru.

"Nitafute nini?"

"Tafuta, daktari!"

Akainua kidevu. Nikapitisha vidole chini ya taya, kushoto, kulia kulinganisha, kushoto tena. Kulikuwa na kovu dogo la pale alipokatwa kinyama. Kitu kingine hakikuwepo. Nikatafuta tena kwa vidole vya mkono mwingine, kana kwamba hivyo vina akili zaidi. Nikamwita daktari bingwa kwa simu, naye akaja mbio mbio jambo ambalo mwili wake haulipendi, akabonyeza, akapapasa.

"Nani ameuiba?" akauliza, na kicheko chake kikarudi, kile cha wodi mbili. Mtaalamu wa maabara akaja kuona kuna nini, naye akapapasa. Refa alikuwa amesimama katikati yetu kidevu juu kama anayepimwa nguo, akijikaza asicheke, na akashindwa.

Nikamkalisha kwenye hadubini nimwonyeshe kilichokuwa shingoni mwake. Aliweka jicho, akafumba la pili.

"Hawa ndio wenyewe?"

"Ndio hao."

"Wanafanana na timu ya darasa la tatu," akasema. "Wote wanakimbia, hakuna anayejua anakwenda wapi."

Sijapata maelezo bora zaidi ya ugonjwa ule, na sasa nawafundisha wanafunzi kwa maneno yake.

Msimu wa korosho mama yake refa alituma salamu, akasema asiposhukuru kwa mkono wake hatalala vizuri. Tukaenda Tunduru Jumamosi moja kwa gari la daktari bingwa, refa mbele akielekeza barabara, mimi nyuma na kikapu cha mama yangu cha maharage ya Songea. Tulipofika, uwanja ulinukia moshi wa korosho zinazokaangwa, na watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Nilidhani ni shughuli ya familia. Kumbe habari zilikuwa zimetangulia: anakuja yule daktari anayesema uvimbe uondoke na ukaondoka.

"Sikusema uondoke," nilimnong'oneza refa. "Nilisema si saratani."

"Nimewaeleza. Hawataki."

Sikuwa nimekaa vizuri kwenye mkeka mama mmoja akanionyesha kinundu cha kiganjani. Mwingine akaja na sikio. Refa alipoona wanasukumana, alisimama akawapanga kwenye mstari kwa sauti ile ya uwanjani, na hakuna aliyembishia. Mimi na daktari bingwa tukagawana kazi, yeye akipapasa na mimi nikitazama. Wengi walikuwa na vitu vya kawaida. Mama mmoja mwembamba, anayekohoa, alikuwa na matezi shingoni ambayo hatukuyapenda. Tukamwambia aende hospitali ya Mbesa Jumatatu bila kukosa, na refa akaapa atampeleka yeye mwenyewe kabla ya kurudi Songea. Alimpeleka. Ilikuwa kifua kikuu cha matezi, akaanza dawa, na mara ya mwisho nimesikia ananenepa na kugombana na majirani kama zamani.

Wa mwisho kwenye mstari alikuwa mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma. Akainama, akanionyesha kisogo. Kulikuwa na uvimbe laini, mkubwa, unaocheza ukiugusa.

"Shikamoo, mzee. Huu una muda gani?"

"Marahaba. Nilikuwa nao kabla ya kuoa."

"Ni mafuta tu, mzee. Hauna madhara. Ukitaka utolewe, daktari huyu anautoa, haichukui muda."

Mzee akanyooka, akavaa kofia yake kwa uangalifu. "Nani amesema nataka utolewe? Nilitaka kujua ni kitu gani tu. Watu walikuwa wananiambia ni akili zimezidi."

Mama mwenye nyumba akaita wageni waje kula. Sinia la wali na kuku likawekwa katikati yetu, na korosho za moto pembeni kwenye ungo. Tulikula kwa mkono, tukiunguza vidole, na kila nilipoinua macho palikuwa na mtu mwingine anasogea taratibu kwenye mkeka, anasalimia, anafungua kola ya shati.